Alama za Nyundo kwenye Jani la Mkia

Karakana ya uwanjani
4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu za nyumbani utazipata chini, kama karatasi itatosha. Kwanza kazi.

Ndege yenye mstari wa kijani imeanza kucheza mkia. Jana rubani wetu Kipara aliitua vizuri kama kawaida yake, magurudumu ya mbele yakagusa taratibu, kisha mkia ukashuka. Lile gurudumu dogo la nyuma lilipokanyaga ardhi likaanza kutikisika kushoto na kulia kwa kasi, nikasikia mlio kutoka mlangoni mwa karakana, kama mtu anayeburuta kitanda cha chuma sakafuni. Muuguzi wa chanjo, aliyekuwa kiti cha nyuma na masanduku yake ya baridi, aliteremka ameshika taya. Unamjua Kipara, hawezi kuacha mzaha hata msibani. Akamwambia, "Mama, hiyo ni masaji, hatutozi." Muuguzi hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Nimeingia chini ya mkia na tochi. Springi ya majani, yale mabamba ya chuma yanayobeba gurudumu la mkia, imelala. Inavyotakiwa unajua: mgongo umepinda, ncha inaelekea chini, ili mhimili ambao gurudumu linauzunguka usimame wima, au kichwa chake kilale nyuma kidogo. Springi ikinyooka, kichwa cha mhimili kinalala mbele, na gurudumu haliifuati ndege tena. Linatafuta njia yake lenyewe. Kigari cha sokoni chenye mguu uliopinda kinafanya hivyo hivyo, ila kigari cha sokoni hakibebi watu angani.

Nimeandika kwenye kitabu cha ndege: springi ibadilishwe. Nimeomba majani matatu mapya kutoka stoo yenu ya makao makuu. Ndege hairuki mpaka yafike, kwa sababu sahihi ya kuiruhusu ni yangu na sitaitoa.

Ninakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya ofisi hii ina masikio mengi kuliko waya.

Mama anakusalimu. Anasema kwenye ile picha umekonda. Mimi naona umenenepa. Amueni wenyewe.

Dada yako


Makao makuu, ofisi ya ukaguzi
9 Machi

Dada,

Shikamoo. Hujabadilika, Mama Ubishi. Mtu akikuuliza saa ngapi unamfundisha habari za jua.

Springi siyo tatizo. Fungua kitabu, ukurasa wa Juni mwaka jana: majani matatu mapya, yamefungwa hapa makao makuu, sahihi yangu. Springi ya miezi tisa hailali. Tatizo ni lile la siku zote, mtu amejaza grisi pasipotakiwa. Zile sahani za msuguano ndani ya kichwa cha gurudumu ndizo zinazolizuia lisicheze. Zikipata grisi zinateleza. Zifungue, zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke kabisa, halafu ukirudisha kaza nati ya juu mpaka mtikisiko uishe. Badilisha na zile springi ndogo mbili za minyororo ya usukani, maana moja huwa inalegea kabla ya mwenzake. Nimekutumia jozi mpya na basi.

Kisha tia sahihi. Tarehe 25 wanakuja wageni wa mkataba wa chanjo. Mkurugenzi ameahidi ndege zote tatu zitaruka mbele yao. Wakiona mbili watauliza ya tatu iko wapi, na sitaki kuwa mtu wa kujibu.

Mwambie Mama sijakonda wala sijanenepa. Nimechoka tu.

Mdogo wako


Karakana ya uwanjani
14 Machi

Mdogo wangu,

Nimefanya yote uliyosema. Sahani zilikuwa kavu kabla sijaziosha, lakini nimeziosha. Springi ndogo zilikuwa sawa, lakini nimezibadilisha. Nati nimeikaza robo mzunguko, nikakaza robo nyingine. Kwa mkono mtikisiko uliisha. Kipara akapanda peke yake, bila abiria, akazunguka uwanja mara moja akatua. Hatua thelathini za kwanza, kimya. Halafu mkia ukaanza tena, na safari hii gurudumu lilikuwa gumu kwa sababu nimelikaza. Likageuka kushoto likakataa kurudi. Ndege ikazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, ikaishia kwenye majani marefu huku bawa likiwa shubiri moja kutoka ardhini. Kipara alishuka bila mzaha hata mmoja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaufungua mkia, nikatoa springi nzima, nikaosha majani yote matatu na kuyaweka juu ya meza dirishani.

Mdogo wangu, jani kuu si jipya. Ndani ya upindo, upande ule unaovutwa mzigo ukikaa, kuna alama za nyundo. Mtu amezisugua kwa msasa na kupaka rangi nyeusi juu, lakini mwanga wa dirishani hausuguliki. Zimepangwa kwa mstari, moja na nyingine zimeachana upana wa kidole, zinaanza katikati zinatoka nje, mara kushoto mara kulia. Nimeweka kidole changu kati ya kila alama. Kinaingia.

Unajua nani aligonga majani ya springi hivyo. Baba, kwenye kiwanja chake cha malori, jani likiwa baridi juu ya fuawe. Alikuwa akiita kulirudishia mgongo. Mafundi wengine waligonga ovyo, yeye alihesabu kidole. Aliwafundisha watu wawili tu, na mmoja wao ni mimi.

Mimi sikugonga jani hili.

Dada yako


Makao makuu
KUMB. NA. 42 / Ukaguzi
18 Machi

Kwa Fundi Mwandamizi,
Karakana ya uwanjani.

YAH: NDEGE YENYE MSTARI WA KIJANI

Rejea maombi yako ya vipuri. Kumbukumbu za ofisi hii zinaonyesha kwamba springi ya gurudumu la mkia ilibadilishwa Juni mwaka jana na ingali ndani ya muda wake wa matumizi. Maombi yamekataliwa.

Unaagizwa kurudisha springi hiyo kwenye ndege na kutia sahihi kabla ya saa sita mchana tarehe 24 Machi, ili ndege iweze kuruka tarehe 25.

Ukikaidi agizo hili utatakiwa kukabidhi muhuri wako.

Mkaguzi Mkuu


Karakana ya uwanjani
20 Machi

Kwa Mkaguzi Mkuu, ambaye nilimfuta kamasi,

Barua yako imefika. Nimetafuta ndani yake mahali panapojibu suala la alama za nyundo. Sikupaona. Nikaigeuza nyuma, nikakuta karatasi nyeupe. Kati ya pande mbili, ule mweupe ndio uliosema kweli.

Sasa unaniita Fundi Mwandamizi. Nilikubeba mgongoni siku ulipokanyaga msumari, nikakutembeza mpaka zahanati huku ukiniuma bega, leo mimi ni kumbukumbu namba arobaini na mbili. Haya. Tuzungumze kikumbukumbu.

Moja. Nimelipaka jani kuu rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, nikaiacha iingie, nikaifuta, nikapuliza unga mweupe. Wekundu umerudi juu. Mstari mmoja, urefu wa kucha ya kidole gumba, unakatiza alama tatu za nyundo kama uzi kwenye shanga. Kila alama ni shimo dogo, na chuma kinachovutwa kila ndege inapotua huanzia shimoni kupasuka. Hilo halihitaji cheo kulielewa.

Mbili. Nimeyaandika hayo kwenye kitabu cha ndege, kwa wino, na tarehe. Atakayetaka kuyafuta achane ukurasa, na kurasa zina namba.

Tatu. Springi haipo karakana. Usitume mtu kuitafuta. Iko chini ya kitanda cha Mama. Hajui ni kitu gani, anajua tu kwamba yeyote atakayeiulizia, hata akija na keki, asifunguliwe mlango.

Unasema nikikaidi. Nimelichukua neno, ni langu. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi hii na kila baada ya muda anakuja mtu aliyevaa viatu safi kuniambia nifunge kitu "kwa muda". Bati la paa la stoo yetu liliwekwa kwa muda. Watoto waliolikuta siku hizi wana watoto wao. Nyaya zilizofungwa kwa muda, bomba lililozibwa kwa muda, kaimu meneja aliyekaimu kwa muda mpaka akastaafu. Sijawahi kuona kitu kinachodumu kama cha muda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi mmewazidi. Mnaupaka ufa rangi nyeusi, mnauita springi mpya.

Na usiniambie habari za utii. Ndege haina adabu. Haijui nani mkubwa na nani mdogo. Inajua chuma kimepasuka au hakijapasuka. Muuguzi yule anapanda na masanduku yake kila wiki na hajawahi kuuliza nani alitia sahihi. Anapanda tu. Ule mguu wake anaouweka kwenye ngazi ya ndege ndio ninaoutumikia, si mkurugenzi wako.

Muhuri mnaweza kuuchukua, uko kwenye droo ya kulia. Sahihi haimo droo yoyote.

Sasa nijibu kama mdogo wangu. Nani aligonga lile jani?

Dada yako, Fundi Mwandamizi


Nyumbani kwangu
22 Machi

Dada,

Ni mimi. Ulishajua, ulitaka nitamke.

Juni mwaka jana stoo haikuwa na hata jani moja. Niliambiwa miezi mitatu. Vijiji vya juu kule vilikuwa vinasubiri chanjo, watoto walikuwa wanaugua, na mkurugenzi alikuwa anapiga simu kila baada ya saa moja. Nikakumbuka malori ya Baba. Yale yalikuwa yanabeba saruji, dada, tani na tani, kwenye barabara ya mawe, na springi alizozigonga yeye zilikwenda miaka. Nikasema, ikiwa jani la Baba lilibeba saruji, halitashindwa kubeba mkia wa ndege ambao watu wawili wanauinua kwa mikono. Nikaligonga Jumapili, peke yangu, kwa kidole kama alivyotufundisha. Mgongo ulirudi vizuri mpaka nikajisikia fahari. Kisha nikafika kwenye kitabu. Hakuna safu ya kuandika "limegongwa na mtoto wa fundi wa malori". Kuna safu ya "jipya" na safu ya "la zamani". Nikaandika jipya.

Usinifanye mwizi. Sikupata chochote. Watoto wale walichanjwa.

Sasa nisikilize bila hasira. Iko njia ambayo hakuna atakayeumia. Andika kwamba jani limepasuka kwa sababu ya kutua vibaya. Kipara mwenyewe aliingia majanini, uwanja mzima uliona. Anastaafu mwakani, hawatamfanya kitu zaidi ya kumwandikia onyo. Mkurugenzi ameshakubali. Mkikubali huko, springi mpya itatafutwa hata kwa kukopa, na wewe utabaki na muhuri wako. Ile ya mstari wa kijani ikikosekana tarehe 25 basi, tutasema iko matengenezoni. Zile mbili nyingine zitatosha, nazo hazijalalamika hata siku moja tangu nizifanyie.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu Baba afariki.

Mdogo wako


Karakana ya uwanjani
24 Machi, asubuhi

Mdogo wangu,

Tangu uzifanyie nini?

Dereva wa basi nimempa barua hii mkononi na nimemwambia akukabidhi wewe, si mapokezi. Itakufikia kesho kabla ndege hazijaruka. Kipara tuache, tutarudi kwake, na ole wako tukirudi. Kwanza soma hili, kwa sababu ni la kwangu, na nilipaswa kukuambia tangu ulipoanza kushika spana.

Baba hakufunga kiwanja cha malori kwa sababu ya mgongo. Hayo ni maneno ya Mama, na mimi niliyaunga mkono. Ulikuwa na miaka kumi na moja, mimi kumi na tisa. Lori la saruji lilikatika springi kwenye mteremko, jani lile lile alilokuwa amelirudishia mgongo mwezi uliopita. Lililala ubavu. Mpakiaji aliyekuwa amekaa juu ya mifuko alibanwa mguu, ikabidi ukatwe. Nilikuwepo walipoleta vipande vya jani nyumbani. Lilikuwa limekatikia kwenye alama za nyundo, moja baada ya nyingine, kama stempu inavyochanwa kwenye mistari yake. Baba alivitazama akasema, "Nilihesabu vizuri sana." Hakugonga jani lingine mpaka anakufa.

Mama aliona wewe unampenda mno, akasema usiambiwe. Nami nikanyamaza. Mimi ninayejisifu kwa mdomo, nilinyamaza miaka yote hiyo, kwa sababu nilipenda jinsi ulivyokuwa unamsimulia Baba kwa wenzako.

Hukumwiga Baba. Ulimwiga mtu tuliyekutengenezea.

Zile mbili zisiruke. Kama unaweza kunichukia huku unakimbia, nichukie, ila kimbia.

Dada


Nyumbani kwangu
2 Aprili

Dada,

Dereva alinikuta langoni saa moja asubuhi. Wageni walikuwa wameshakaa kwenye viti chini ya turubai. Ndege mbili zilikuwa zimepangwa, ya kwanza imeshawashwa. Niliisoma barua yako pale pale kwenye vumbi la basi.

Nikaenda ubavuni mwa dirisha la rubani, nikamwonyesha kwa mkono azime. Akadhani nafanya masihara. Nikaonyesha tena. Injini ilipozima kukawa kimya kiasi kwamba mkurugenzi alipouliza "Kuna nini?" hata waliokaa nyuma walisikia. Nikajibu na wao wasikie: "Springi za mikia ya ndege hizi nimezigonga mwenyewe kwa nyundo, nikaandika kwamba ni mpya."

Tulizifungua siku ile ile. Moja ilikuwa safi. Ya pili, ile iliyokuwa imewashwa, ilikuwa na ufa mrefu kuliko wako. Ulipita karibu upana mzima wa jani, ukabakiza sehemu ya ukucha.

Jioni mkurugenzi akaniita. Barua ilikuwa imeshachapwa: kutua vibaya, majina ya marubani, la Kipara likiwa la kwanza. Ilikuwa na nafasi ya sahihi yangu tu. Akasema, "Tia sahihi, kesho tumesahau." Nikamwambia kwamba kalamu ninayo ila nina kitu kingine cha kuandika. Nikavuta vitabu vya zile mbili na nakala ya ofisi ya kile kitabu chako, nikafungua ukurasa wa kila siku niliyodanganya, nikaandika pembeni: si jipya, liligongwa, na mimi. Akapiga meza. Akaniambia mimi ni mtu asiyejua kulinda kampuni. Nikamwambia miezi tisa nimeilinda kampuni, sasa nipumzike. Wakaguzi wa serikali wamechukua muhuri wangu. Hawajasema kwa muda gani.

Hayo yamekwisha. Sasa lako.

Umenikosea. Sikuandikii haya ili uniombe radhi, nayajua maneno yako, utaniomba radhi kwa hoja kumi na mbili na mwisho nitakuwa mimi mwenye makosa. Miaka thelathini umeniacha namwiga Baba kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alishakiacha. Ungeniambia siku moja tu, hata kwa kunitukana, nisingeshika ile nyundo. Unapigania ukweli kwenye vitabu vya ndege na nyumbani ukauficha kama Mama anavyoficha springi.

Nataka kuja huko. Sijui nitamtazamaje Kipara. Anajua?

Mdogo wako


Karakana ya uwanjani
11 Aprili

Mdogo wangu,

Sina hoja hata moja. Nimekosa. Nimemwambia na Mama kwamba umeshajua. Akasema, "Afadhali. Nilikuwa nimechoka kukumbuka nilichosema."

Majani mapya yamefika, yenye vibandiko vya kiwandani. Stoo iliyohitaji miezi mitatu imeyapata kwa siku sita baada ya wageni kusikia uliyoyasema. Nimeyafunga mwenyewe. Mhimili umelala nyuma kidogo tu, kama kitabu kinavyotaka, ndege ikiwa na mzigo. Sahani nimezirudisha kavu, nati nimeilegeza mpaka kipimo chake. Jana Kipara alipanda na mifuko ya mchanga kiti cha nyuma, akatua mara nne, mara moja makusudi kwa kishindo. Mkia ulimfuata kama kondoo. Nimetia sahihi.

Hiyo huenda ikawa sahihi yangu ya mwisho hapa. Nimeletewa barua ya kuhamishiwa stoo kuanzia mwezi ujao, "kwa manufaa ya kazi". Nimeijibu kwa kurasa sita na nakala kwa wakaguzi wa serikali. Wakinipeleka stoo nitahesabu kila jani lililomo na kila lisilokuwemo, wajute.

Kipara anajua. Alisoma maneno yako pembeni mwa ile nakala ya kitabu iliyoletwa na wakaguzi, akayasoma tena, akaniuliza kama ni kweli anavyosikia, kwamba jina lake lilikuwa limeshachapwa. Nikasema kweli. Alikwenda akakaa ndani ya ndege kama nusu saa, mlango umefungwa. Alipotoka alisema hana la kuzungumza nawe ardhini.

Muuguzi ndiye mgumu. Chanjo zinaondoka Alhamisi na hataki kupanda. Nimemwonyesha springi, vipimo, vibandiko. Akaniambia, "Fundi, hata mwaka jana kitabu kilisema mpya." Mwisho akasema atapanda kwa sharti moja: yule aliyegonga akae kwanza kwenye kiti chake, yeye asimame pembeni ya uwanja aangalie ndege ikitua.

Nimemkubalia kwa niaba yako. Basi la Jumatano linafika saa tisa. Rubani ni Kipara, na amesema atatua mara tatu.

Dada yako